Nimeambiwa pingili zimesagika, sasa mwanangu anataka tuuze kiwanja

Dada Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 52, mkazi wa Tanga, mjane kwa miaka sita sasa. Ni fundi cherehani. Nashona sare za shule tangu nikiwa na miaka 23, na cherehani hiyo ndiyo iliyonisomeshea watoto wangu wawili. Wa kiume yuko Dar es Salaam, wa kike ninaishi naye hapa nyumbani pamoja na mwanawe wa miaka miwili.

Mwaka jana mwezi wa kumi, tukiwa tunajiandaa na msimu wa sare, niliinama kuokota mkasi chini ya meza nikasikia kitu kama shoti ya umeme kiunoni. Nilibaki nimeinama vile vile mpaka binti yangu alipokuja kunishika. Leo ni miezi saba. Maumivu yako kiunoni, na siku nyingine yanashuka kushoto kupitia tako hadi kwenye shavu la mguu, na kidole gumba cha mguu kinafanya ganzi. Nikikaa sana yanazidi. Nikitembea yanapungua kidogo, ila naogopa kutembea.

Nilianza na diklofenaki za duka la dawa, asubuhi na jioni, na mpaka leo sijaziacha ingawa nina presha. Jirani akanipeleka kupigwa hijama, nikapata nafuu ya siku tatu. Mwezi wa kumi na mbili mwanangu akanitumia nauli nikaenda kupiga MRI, ile picha ya ndani ya mwili. Aliyenisomea majibu alikuwa na foleni ndefu mlangoni. Aliinua ile picha akaielekeza dirishani, akasema: "Mama, pingili zako zimesagika. Ute umekauka sehemu tatu, na diski moja imetoka inagusa mshipa wa fahamu. Huu ni mgongo wa bibi wa miaka 80." Akaniambia nisiiname, nisiinue kitu, nivae mkanda, nijiandae kwa upasuaji. Nilikuwa ndani kwa muda usiofika dakika tano.

Tangu siku hiyo, Dada, neno "zimesagika" haliniachi. Nikijigeuza kitandani naona kama mifupa inasagana mle ndani kama mawe ya kusagia. Cherehani nimeifunika shuka. Msimu wa Januari ulinipita, wateja wangu wa miaka na miaka wakaenda kwa wengine. Naswali nimekaa kwenye kiti. Mjukuu akija ameninyooshea mikono nimbebe nageuza uso, kwa sababu nikimtazama nitamnyanyua.

Sasa kuna hili la kiwanja. Mwaka 2011 nilinunua kiwanja Pongwe kwa fedha ya sindano yangu mwenyewe, na nimeshapiga msingi wa vyumba viwili. Nia yangu ilikuwa nipangishe, nile kodi uzeeni. Mwanangu amepata mtu anayeunganisha wagonjwa na hospitali za India, na amepata mnunuzi wa milioni 18. Ananiambia, "Mama, kiwanja kitapatikana kingine, mama hapatikani mwingine." Binti yangu hataki. Anasema kaka yake ameshikwa na hofu na huyo mtu wa kati ameiona hofu hiyo. Wamegombana kwenye simu, sasa ni wiki ya tatu hawasemezani. Mwanangu anadai nikikataa nitalemaa na lawama zitabaki kwake.

Mimi naogopa kisu, naogopa kulemaa, na naogopa kuwa mzigo kwa binti ambaye hata maisha yake hajayaanza vizuri. Na usiku najilaumu: ni miaka yote ile ya kuinamia cherehani na kubeba ndoo ndiyo iliyonisaga. Nifanye nini? Au mgongo wangu ndio umekwisha?

Fundi, Tanga


JIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nasimama pale kwa mjukuu anayenyoosha mikono. Pole sana. Maumivu ya miezi saba yanachosha mwili, na kwako yamegusa kazi, sala na watoto kwa pamoja.

Nikikusikia vizuri, umeleta mambo matatu yaliyofungwa kwenye kanga moja. Mgongo unauma. Picha imesema maneno ya kutisha. Na watoto wako, kwa kukupenda, wameanza kugombana juu ya kiwanja. Nataka tuyafungue moja moja, maana naona la pili ndilo linaloyaendesha mengine. Nilifanya kazi ya uuguzi miaka mingi kabla ya kukaa kwenye safu hii, lakini mimi si daktari wako na picha yako sijaiona, kwa hiyo nitakayosema yapeleke kwa daktari mkayapime pamoja.

Nianze na hilo neno. Unapowaza mawe ya kusagia, unawaza mfupa juu ya mfupa. Kati ya pingili na pingili, yaani mifupa midogo ya uti wa mgongo, kuna diski, na mwilini tunazo 23, kuanzia shingoni hadi kiunoni. Ifikirie kama kile kimto chako cha kuchomekea pini. Pembeni ina ukuta wa nyuzi ngumu, tabaka 15 hadi 25, kila tabaka nyuzi zake zimelala mshazari na tabaka linalofuata zimelala mshazari wa upande wa pili, ndiyo maana kiuno kinapinda na kujisokota bila kuchanika. Katikati kuna ute mzito uliojaa maji. Kwa mtoto, maji ni zaidi ya asilimia 80 ya ute huo. Kwa mzee hushuka hadi karibu asilimia 70. Unaona? Hata kwa mzee sehemu kubwa ya ute huo bado ni maji. Anayesema "umekauka" anasoma weusi kwenye picha: penye maji mengi MRI huonyesha weupe, yakipungua panakuwa peusi.

Wewe ni mtu wa vipimo, kwa hiyo jipime. Kesho ukiamka, kabla hujazunguka nyumba, simama wima kwenye mwimo wa mlango, binti yako akuwekee alama utosini kwa chaki yako ya kushonea. Rudieni usiku kabla ya kulala. Alama ya usiku itakuwa chini, kwa kawaida karibu sentimita moja au moja na nusu. Uzito wa mchana hukamua maji kwenye diski, na usiku ukilala diski huyavuta tena. Kadiri umri unavyokwenda tofauti hiyo hupungua. Nakuomba uichore alama hiyo kwa sababu picha ulionyeshwa mara moja dirishani, lakini mlango ni wa kwako, utauangalia kila siku na kuona kwamba mle ndani kuna kitu kinachoishi.

Kinaishi, ila kwa tabu, na hapo ndipo umri unapoingia. Mtoto mchanga ana vimishipa vya damu ndani ya diski. Hutoweka mapema utotoni. Kuanzia hapo chembe hai za katikati ya diski hupata chakula kinachopenya polepole kutoka kwenye pingili ya juu na ya chini, kupitia utando mwembamba wa gegedu, yaani mfupa laini. Hakuna sehemu nyingine ya mwili wa mtu mzima kubwa kama hiyo inayoishi bila damu yake yenyewe. Chembe hizo ni chache, na kazi yao ni kutengeneza zile molekuli zinazoshika maji. Miaka ikienda, molekuli hukatika kuliko zinavyotengenezwa, ute hugeuka nyuzinyuzi, mpaka kati ya ute na ukuta hufifia, na ukuta hupata nyufa. Diski hufupika na kutuna pembeni. Uzito uliokuwa ukibebwa na maji huhamia kwenye ukuta na kwenye viungo vidogo vya nyuma, na mfupa huota vinundu. Mgongo unakuwa mgumu zaidi kuliko wa msichana. Hayo ndiyo yaliyofupishwa kwa neno "kusagika", na hatua za mwanzo huonekana hata kwa vijana wa miaka 20.

Sasa ngoja nikupe hesabu ambayo natamani ungepewa siku ile. Mwaka 2015 watafiti walikusanya tafiti 33 zilizowapiga picha watu 3,110 ambao hawakuwa na maumivu ya mgongo. Walikuwa wazima, na shughuli zao wakifanya. Walipopiga hesabu kwa umri, wenye miaka 50 waliokuwa na diski zilizochakaa walifika asilimia 80, na waliokuwa na diski zilizotuna walikuwa asilimia 60. Ukiwapanga wanawake kumi wa rika lako wasioumwa, wanane wangerudi na karatasi inayofanana na yako. Sisemi maumivu yako hayapo, wala sisemi diski haiwezi kuuma. Nyufa za ukuta zinaweza kuotewa na nyuzi za fahamu, na watu wanaoumwa hukutwa na mabadiliko haya zaidi kidogo kuliko wasioumwa, hasa wakiwa bado hawajafika miaka 50. Ninachokuomba ni kuacha kuichukulia picha kama hukumu. Picha inaonyesha umri wa diski. Mguu wako ndio unaoonyesha kama mshipa umebanwa, na huo haukushikwa na mtu katika zile dakika tano.

Kuna jambo jingine ambalo sikuweza kulipita. Uliambiwa una mgongo wa bibi wa miaka 80, na hapo hapo ukaambiwa diski imetoka. Diski kutoka na kubana mshipa huwapata zaidi watu wa miaka 30 hadi 50 hivi, kwa sababu ute wao bado ni laini na unaweza kusukumwa ukapenya kwenye ufa. Wa miaka 80 mara nyingi hana tena ute wa kupenya. Kwa hiyo ajali yako ya mkasi ni ya mgongo wa mtu wa makamo. Na kipande kilichotoka hakibaki hivyo milele: askari wa mwili hukiona kama kitu kigeni na kukila kidogo kidogo, na vile vilivyotoka kabisa ndivyo husinyaa zaidi. Picha yako ni ya Desemba. Huenda kilichopo leo si kile.

Kuhusu kujilaumu usiku, sikiliza hili. Kule Finland watafiti waliwafuatilia mapacha ambao mmoja alifanya kazi nzito na mwenzake kazi nyepesi. Migongo yao ilifanana kuliko kazi zao. Mizigo ilikuwa na mchango, lakini mdogo, kilichopita vyote ni urithi wa damu. Cherehani iliyosomesha watoto wako usiibebeshe dhambi yote.

Twende kwenye njia ulizo nazo.

Upasuaji umetoka mbali. Mixter na Barr, madaktari wa Boston, ndio walioeleza mwaka 1934 kwamba diski inayopenya nje hubana mshipa na kuumiza mguu. Lengo lake mpaka leo ni kuufungulia mshipa. Haurudishi ute wala haufanyi diski kuwa mpya, na ndiyo maana husaidia maumivu ya mguu kuliko maumivu ya kiuno. Ukiniambia kinachokutesa zaidi ni mguu, nitakuelekeza upande mmoja. Ukisema ni kiuno, upande mwingine. Katika barua yako kiuno kimetajwa kwanza na mguu ni "siku nyingine", lakini wewe ndiye unayejua.

Uholanzi mwaka 2007 walitoa majibu ya wagonjwa 283 wenye maumivu makali ya mguu. Wengine walipasuliwa mapema, wengine wakasubiri kwa dawa na mazoezi. Waliopasuliwa walipata nafuu haraka zaidi. Baada ya mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa karibu sawa, ingawa karibu wanne kati ya kumi waliosubiri waliishia nao kupasuliwa. Wagonjwa wale walikuwa wameumwa wiki 6 hadi 12 tu, na wewe una miezi saba, hivyo usiichukue kama futi iliyokatwa kwa ajili yako. Kuna watu wa hali yako ambao kisu kimewarudisha kazini. Hatari zake nazo ni za kweli: maambukizi, mshipa kuguswa, diski kutoka tena, na kiuno kubaki kikiuma baada ya gharama yote.

Njia ya pili ni mazoezi chini ya mtaalamu wa fiziotherapia, kurudi kwenye shughuli kwa hatua, na kusubiri huku unaangaliwa. Hapa nakuuliza kwa upole: nani alikuambia kutulia ndiko kunakolinda diski? Umeandika mwenyewe kwamba ukitembea maumivu yanapungua. Maji ya diski huingia na kutoka kwa kubanwa na kuachiwa. Mkanda wa siku nzima na kitanda vinadhoofisha misuli inayobeba kazi hiyo. Lakini njia hii nayo ina gharama. Ni ya polepole, ina siku za kurudi nyuma, na inadai uvumilivu wakati mkono hauna fedha. Labda ianze na robo saa ya kutembea asubuhi, na cherehani ifunuliwe kwa dakika ishirini, unasimama, unarudi. Kusujudu kutakurudia kwa hatua pia, muulize mtaalamu. Na mjukuu anaweza kupandishwa mapajani mwako ukiwa umekaa.

Hijama ikikupa siku tatu za nafuu, sitakunyang'anya, mradi wembe ni mpya na hamna anayekuahidi kwamba itairudisha diski ndani. Diklofenaki ndiyo inayonitia wasiwasi. Miezi saba, mara mbili kwa siku, na presha juu yake: dawa hiyo inaweza kutoboa tumbo, kuumiza figo na kupandisha presha. Hilo lisisubiri uamuzi wa kiwanja. Wiki hii nenda kapime presha na umwambie daktari hesabu kamili ya vidonge.

Na yapo ambayo hukuyaandika, nami lazima niyaulize. Je, umewahi kupata ganzi sehemu za siri au pale unapokalia? Mkojo unakataa kutoka, au unatoka bila habari? Miguu yote miwili inalegea? Kandambili ya kushoto inakuvuka bila kujua? Kwa lolote kati ya hayo, nenda hospitali saa hiyo hiyo, usiku au mchana, kwa sababu mshipa uliobanwa namna hiyo hausubiri. Na kama una homa za jioni, jasho la usiku au unakonda, sema mapema, maana kifua kikuu cha uti wa mgongo bado kipo kwetu na dawa yake ni nyingine kabisa.

Sasa kiwanja. Mwanao hakosei anaposema mama hapatikani mwingine. Amemwona mama aliyemlea akiwa amejikunja, na akiwa mbali kitu pekee anachoweza kukunja mkononi ni fedha. Binti yako naye anayaona ya kila siku, na amesema jambo ambalo lisipuuzwe: mtu wa kati ana faida yake katika safari yako. Sidhani wanapingana kama unavyodhani. Wote wawili wanaogopa, kila mmoja kwa upande wake. Lakini mle kwenye msingi wa vyumba viwili kuna uzee wako, na hilo sijaona mtu aliyelisema kwenye simu zile. Ukiuza, unanunua nafasi ya kupona kwa kodi ya miaka ijayo. Huenda ikawa biashara sahihi. Huenda pia ikawa kwamba upasuaji, ukihitajika, unafanyika hapa hapa nchini kwa gharama ambayo haigusi kiwanja. Bado hamjauliza.

Ningependa, kabla hujasema ndiyo au hapana kwa mnunuzi, uonane na daktari mwingine wa mifupa au mishipa ya fahamu, asiyehusika na safari ya India. Nenda na binti, na mwanao awe kwenye simu akisikiliza, ili jibu liwafikie wote kwa wakati mmoja. Mwambie akushike mguu: auinue ukiwa umelala, akugonge goti na kisigino, akutembeze kwa visigino na kwa vidole. Muulize, nikipasuliwa, unategemea nini kitapona, kiuno au mguu? Nisipopasuliwa, nini kinaweza kutokea katika miezi sita, na dalili gani ya kunirudisha hapa mbio? Na hiyo ganzi ya kidole gumba inaongezeka au imesimama? Mnunuzi wa kweli atasubiri wiki mbili.

Kuhusu kuwa mzigo, nina swali moja ambalo si langu kulijibu. Umewahi kumuuliza binti yako? Umeandika anachokataa juu ya kiwanja, hujaandika anachosema juu ya kukuhudumia. Pengine usiku mmoja, baada ya kuchora ile alama ya chaki, mkae hapo mlangoni umuulize.

Niandikie ukishaonana na daktari, hasa uniambie amejibu nini kuhusu mguu. Na salamu zangu kwa huyo mdogo wa miaka miwili.

Dada yako, Mshauri